Acheni Kuisingizia Baridi ya Tukuyu, Betri Yako Ilifia Dar

Wadau wangu, leo siongelei nani kamuacha nani. Ile penzi ya pete ya pili itasubiri, wale wanagombana Jumatatu na kurudiana Ijumaa, hawatupotei. Leo nina hasira na betri. Ndiyo, betri ya gari. Na kabla hujaruka posti nyingine tulia kwanza, maana humu ndani wamo watu mnaowafuata kila siku. Majina siweki. Ukibahatisha, umebahatisha mwenyewe.

Julai tulikuwa na sendofu nyumbani kwetu Igogwe, Rungwe. Kwa msiopajua: unatoka Mbeya, unaipita Uyole, unapanda Isongole mpaka masikio yanaziba, halafu unateremka Kiwira kama unaenda Tukuyu. Migomba, chai, parachichi, ukungu. Mvua ya huko ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Julai ikifika usiku unavaa soksi mbili, na blanketi unaligombania hata na mgeni.

Ijumaa jioni msafara wa Dar ukaingia. Harrier nyeupe ya mrembo mmoja wa mitandaoni, yule wa "maisha ni haya haya". Crown nyeusi ya msanii ambaye amekuwa chipukizi tangu niko sekondari. Nyuma yao Alphard ya MC. Zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar, na tusiseme uongo, walipendeza. Kijiji kizima kilitoka nje. Harrier ina steka, rimu za kung'aa, taa za buluu chini. Crown ina spika za bezi zinazochukua buti lote. Gari zimezimwa, muziki unapiga, taa zinawaka, simu saba zinachaji humo humo, watu wanapiga picha na watoto wa kijijini mpaka saa sita usiku. Nami nilikuwemo. Sijitoi.

Saa kumi alfajiri baba mdogo anagonga milango. Binti wa jirani, mimba ya kwanza, uchungu umemkaba. "Wenye magari amkeni!"

Harrier: tik tik tik tik. Basi.

Crown: dashibodi imewaka kama disko, imefifia, giza.

Alphard ingewaka. Tatizo Alphard iliingia mwanzo, ikapaki ndani kabisa kwenye kichochoro cha migomba, na Harrier ikapaki nyuma yake kuiziba, ili ionekane vizuri kwenye picha. Huku migomba, huku mtaro. Gari moja iliyokufa ikawa imefunga na gari nzima. Wanaume tisa kwenye matope na tochi za simu, mmoja anapiga kelele "sukuma iwake!" Jamani. Gari otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Utasukuma mpaka Kyela. Ile ilikuwa ya manyo, ya enzi za mjomba wako.

Binti amekaa kwenye kigoda, kashikwa mabega na mama yake, haongei. Ile sauti ya kutoongea sitaisahau.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu wa upande wa pili wa njia. Ana Hilux kuukuu inayobeba parachichi, mlango mmoja rangi nyingine, kioo cha nyuma ni plastiki. Mdogo wangu alikimbia kumuita. Tukasikia injini huko huko kwake, mara moja tu, ngrum. Wakampakia binti, shangazi wawili juu, wakaondoka. Walifika hospitali, na mtoto akazaliwa hata saa haijapita. Wa kike. Mama yake mzima.

Sasa hapo ningenyamaza, ningekula ndizi zangu na kushukuru Mungu. Lakini saa tatu asubuhi mrembo akaenda laivu, kajifunga khanga mbili, sauti ya huruma: "Baridi ya Tukuyu imeua gari yangu jamani, huku si kwa mchezo." Maoni ya pole yakamiminika. "Pole dia." "Huko ni Ulaya ndogo." Mmoja akaandika ndo maana yeye hatoki Dar.

Baridi haikuua kitu. Hiyo Harrier ilikuja kutoka Japani. Japani kuna Hokkaido, theluji inafika magotini, na magari hayo hayo yanawaka asubuhi watu wanaenda kazini. Njombe na Makete kuna baridi kuliko Igogwe na watu wana magari. Betri nzima kwenye nyuzi sifuri bado inabaki na kama theluthi mbili ya nguvu yake ya kupiga stata. Igogwe hatukuwa na barafu siku ile. Kwa hiyo betri iliyoshindwa pale ilifika ikiwa maiti tayari, imeendeshwa na mazoea.

Kinachoua betri ni joto. Joto la Dar. Lile la chini ya boneti, foleni ya Tazara saa nane mchana, kiyoyozi kinavuma, gari haisogei. Humo ndani ya betri kuna vibao vya risasi vimelala kwenye asidi na maji. Joto linakausha maji na kuvila vibao. Wataalamu wanakadiria kila joto likipanda nyuzi kumi hivi, uhai wa betri unakatika karibu nusu. Lakini Dar haikuonyeshi kitu, maana injini ya moto na oili nyepesi haidai nguvu nyingi kuwaka. Betri yenye nguvu nusu inawasha gari Sinza kila siku na wewe unajiona uko fiti. Unaipandisha Isongole, unailaza usiku, oili inakuwa nzito kama uji wa ulezi, kemia ya betri inapoa, stata inaomba nguvu zote. Haipo. Ndo unaanza kumsingizia Mnyakyusa na mvua yake.

Mwalimu aliporudi kutoka hospitali akanywa chai, halafu akaja na kimita chake. Mita ya kawaida ya mafundi umeme, ile yenye waya mwekundu na mweusi, Kariakoo unaipata kwa bei isiyofika hata kucha za bandia za wiki moja. Mrembo akamwamkia, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Betri hii ina miaka mingapi?"

"Sijui, nimeikuta."

Nimeikuta! Gari anayo mwaka wa tatu. Kioo cha simu akikivunja anakibadilisha siku hiyo hiyo.

Mwalimu akapima. Harrier volti 11.4. Crown 11.7. Msanii akaruka: "Basi tununue mbili!" Hapa ndipo nilipoanza kumpenda yule mzee. Akasema, "Hapana. Kufa na kuishiwa ni vitu viwili. Tuzichaji kwanza." Akazitoa, akazichaji mchana kutwa nyumbani kwake, moja moja, akaziacha zipumzike usiku, asubuhi akapima tena kabla mtu hajagusa kitu. Ya Crown: 12.7. Akairudisha, akaniambia nishike mita kwenye vichwa vya betri wakati msanii anapiga stata. Ikashuka mpaka 10.6, gari ikawaka. Ya Harrier ilionyesha 12.4 ikiwa imepumzika, tukashangilia. Kupiga stata, 8. Tik tik tik.

Umeelewa hapo? Betri zote mbili zilishindwa alfajiri moja. Moja ni mzima aliyelala njaa, nyingine ni marehemu mwenye sura nzuri. Na ile marehemu kwenye mita ya kawaida ilikuwa inasoma vizuri tu mpaka ilipobebeshwa mzigo.

Betri ya Crown haikuwa na hata mwaka, na ilikuwa ya tatu ndani ya miaka miwili. Kila gari ikigoma, fundi wake wa mjini anamwambia "bosi, betri imekufa", anamuuzia nyingine, anaondoka na ile ya zamani. Hajawahi kupima. Mwalimu alizima gari, akachomoa waya wa hasi, akaunga mita katikati yake na betri, akakuta umeme unatoka kama bomba lililovuja. Amplifaya ya yale maspika iliungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi, hailali usiku wala mchana. Jamaa amenunua betri tatu kuitibu waya moja! Mafundi wa hivi mnawajua, na mnawalipa, na mnawatag. Fundi anayekuuzia betri bila kuipima wala kupima alteneta huyo ni muuza betri, amevaa ovaroli tu.

Naijua hoja yenu, maana nimeshajibiwa hivi zaidi ya mara moja: "Mimi ikigoma nabusti, maisha yanaendelea." Sawa. Unabusti Mikocheni saa mbili asubuhi, majirani kumi wana magari. Igogwe saa kumi usiku unabusti na nani? Na ile kubusti yenyewe nusu yenu mnaifanya kama mnawasha jiko la mkaa. Nyekundu inaanzia chanya ya iliyokufa, inakwenda chanya ya nzima. Nyeusi inaanzia hasi ya nzima, na mwisho wake unaubana kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri. Mbali, kwa sababu betri inatoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inatosha kukurushia asidi usoni. Alfajiri ile kuna kaka, simtaji, alitaka kuwasha kiberiti aone kama maji ya betri yapo. Mungu anatupenda sana sisi watu. Na ukigeuza waya, chanya kwenye hasi, andaa hela ya alteneta na kompyuta ya gari.

Kubusti ni kuazima. Ukiazima mara mbili ndani ya mwezi, kuna deni mahali na linakutafuta.

Hoja ya pili: "Betri ghali." Ni laki na nusu, laki mbili, inategemea gari. Ghali kweli kwa mama anayeuza ndizi Tukuyu. Lakini wewe? Wigi la sendofu lilikuwa laki nane, tuliambiwa wenyewe kwenye laivu. Rimu sijui milioni ngapi. Sina tatizo na wigi, lilimkaa vizuri. Nina tatizo na mtu anayebeba watu watano usiku kwa kilometa 800 kupitia Mikumi kwenye wanyama na Kitonga kwenye malori, na kitu pekee alichokikagua ni kama steka haijabanduka.

Sasa lini upime? Si siku ikigoma. Siku hiyo imeshajipima yenyewe.

Angalia tarehe kwanza. Betri nyingi zinakaa miaka mitatu mpaka mitano, na kwa joto la Dar mimi ningehesabu upande wa mitatu. Haujui umri wake, kama mrembo wetu? Basi ichukulie ni mzee. Siku ukifunga mpya andika mwezi na mwaka juu yake kwa maka peni, sekunde tano. Dukani pia uliza imetengenezwa lini, maana betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila chaji unaiita mpya kwa sababu tu ina nailoni. Na soma namba. Kwa zile za Kijapani, mfano 46B24L, hiyo 24 ni urefu kwa sentimeta, B ni saizi ya upana na kimo, 46 ni kiwango cha nguvu, L ni upande wa vichwa. Usipokee ndogo eti "inaingia tu". Kuingia inaingia, hata mimi naingia kwenye suruali ya mdogo wangu.

Ikishafika miaka miwili, ipimishe kila miezi sita, na kabla ya safari yoyote ya nyanda za juu hata kama ulipima juzi. Gari ikilala usiku, asubuhi kabla ya kuwasha, mita isome kama 12.6. Ikiwa 12.4 inadai chaji. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, na ukiiacha hivyo hivyo wiki na wiki vibao vinaganda chumvi ngumu isiyotoka tena, kwa hiyo hata uvivu wa kuchaji unaua. Halafu mtu apige stata huku unaangalia: ikizama chini ya 9.6 wakati imejaa chaji, nunua nyingine, usibembeleze. Gari ikishawaka isome kati ya 13.7 na 14.7. Chini ya hapo betri haina kosa, angalia fenibelti na alteneta. Ikipita 15 inachemshwa kama maharage, na harufu ya mayai viza ukiisikia zima gari ukae mbali.

Kimita huna? Nenda kwa fundi mwenye kile kipimo cha mzigo, kinachoibana betri kwa nguvu halisi. Mwambie apime mbele yako, akuonyeshe namba. Akikuambia "mimi nasikia kwa sikio", msalimie, ondoka.

Na msisubiri dalili. Zamani gari ilikuwa inakohoa wiki nzima kabla ya kugoma, unajua mgonjwa anaondoka. Hizi za sasa zenye EFI zinahitaji mzunguko kidogo tu kuwaka, kwa hiyo zinaficha. Jana imewaka vizuri, leo tik tik. Ukibahatika kupata dalili, yaani stata inazunguka kichovu, taa zinafifia ukiwasha, betri imevimba tumbo, unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, basi umependelewa, itumie hiyo bahati. Ule unga lakini usikutishe ununue mpya. Chomoa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na magadi na brashi, kaza, pima. Kuna betri nzima nyingi zimetupwa kwa sababu ya nati iliyolegea.

Nyie watengeneza maudhui mna ugonjwa wenu peke yenu. Mnakaa ndani ya gari iliyozimwa saa mbili mnarekodi "usiku wangu na mvua", taa, redio, chaja tatu. Halafu unaendesha dakika kumi kurudi nyumbani kwenye foleni na kiyoyozi. Dakika kumi hazirudishi ulichokula. Betri inaishi nusu tumbo mwaka mzima, inakufa kijana.

Kitu kingine kinaniuma kuliko hata Harrier. Betri ya zamani inaenda wapi? Jumapili ile nilimkuta kijana wa vyuma chakavu ameshafika kuiomba, na mpango wake ni kumwaga asidi pale mtaroni ili ibebeke. Mtaro wa Igogwe! Ule unaoingia kwenye mto, kwenye migomba, kwenye parachichi mnazozipiga picha na kuandika "asili". Ndani mle kuna risasi, na risasi ikimwingia mtoto inaharibu ubongo, hairudi. Majirani zetu Kenya wameyaona. Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kawaida Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pembeni mwa nyumba zao. Watoto wakaugua. Phyllis Omido alikuwa anafanya kazi kiwandani humo, mwanawe akakutwa na risasi mwilini, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakuacha. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo unaponunua mpya, irudishe ya zamani dukani ikiwa na maji yake yote, wengi wanaipokea na wengine wanakupunguzia bei. Kuitupa bila kupima ni kuongeza sumu mjini kwa uvivu wako.

Ya Harrier ilirudi Mbeya mjini ndani ya Alphard, imesimama wima kwenye beseni, na MC akaja na mpya jioni. Mwalimu akaifunga, akaandika tarehe juu. Aliulizwa anadai kiasi gani. Akasema mtoto ameshazaliwa, ndaga fijo, pandeni gari mapema kabla ukungu haujashuka.

Laivu ya baridi bado ipo kwenye ukurasa wa mrembo mpaka leo. Nilimwandikia faraghani, dada, futa ile au rekebisha, sema betri ilikuwa imezeeka. Akanijibu, "Ile imefanya vizuri sana siwezi kuifuta." Desemba anarudi Igogwe kwa harusi yenyewe, anakuja na watu sita. Crown nayo inakuja, amplifaya ameshaitia swichi, alinitumia video. Baba mdogo ameshaniambia safari hii yeye ndiye atakayepanga nani apaki wapi, na Hilux ndiyo itakayokaa mbele ya geti.